Safari ya Bujora, na Kamera Izungushwayo kwa Mkono



Walimu wenzangu wawili wameniuliza kama ni kweli ya kuwa siku hizi, ambapo hata mtoto wa darasa la nne aweza kupiga picha zinazokwenda kwa simu ya mama yake, wako vijana waliozirudia kamera za kale, zile zizungushwazo kwa mkono kama cherehani. Ni kweli. Mimi nimeiona kamera ya namna hiyo ikifanya kazi mbele ya macho yangu, tena si katika mji mkubwa, bali Bujora, katika nchi ya Wasukuma, penye ngoma na vumbi na watu wengi. Nataka kuwasimulia habari ya safari ile, na ya chombo kile, na ya shauri lililotokea kwa ajili yake. Maana naona limo ndani yake neno ambalo kila nyumba yenye simu yapasa kulifikiri.

NJIA YA BUJORA

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka uliopita. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kwangu jioni na mkoba wa ngozi begani. Akaniamkia, akasema, "Mjomba, naomba unisindikize Bujora siku za Bulabo. Wewe wazee wanakujua. Mimi nikienda peke yangu na chombo hiki, watadhani nimetumwa."

Nikamwuliza, "Umetumwa na nani?"

Akajibu, "Sikutumwa na mtu, mjomba. Lakini wao watajuaje?"

Neno hilo likanipendeza, kwa kuwa kijana ajuaye ya kuwa ataogopwa huenda kwa adabu. Basi asubuhi twalipanda daladala mjini Mwanza. Msafiri hupita Nyakato na Igoma, akiyaacha nyuma yake mawe makubwa ya Mwanza, yale yaliyopandana jiwe juu ya jiwe kana kwamba yalipangwa na watoto wa majitu, hata afike Kisesa katika barabara kuu iendayo Musoma. Safari hiyo ni yapata kilomita 20. Hapo hushuka, akaiacha lami, akashika njia ya vumbi ipandayo kilimani kwa miguu. Njiani twaliwakuta akina mama wakiuza karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, na kila tuliyepishana naye alitusalimu, "Mwangaluka!" nasi tukamjibu vivyo hivyo, kwani huko mtu hapiti mtu kimya.

Bujora ni kilima chenye miti na mawe. Katika miaka ya 1950 padre mmoja Mkanada wa shirika la White Fathers, David Clement, alifanya kazi hapo, akawakusanya wazee na wajuzi wa mila, wakaanza kuandika na kuhifadhi mambo ya Wasukuma kabla hayajasahauliwa. Kanisa lao lilijengwa mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake ina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Karibu yake iko makumbusho. Liko banda la watemi, nalo lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake mna ngoma na viti na mapambo ya watemi wa zamani, ambao utawala wao ulifutwa na serikali mwaka 1963. Iko nyumba ya mhunzi, iko nyumba ya mganga, iko nyumba ya vyama vya ngoma, na iko nyumba ya makazi iliyoezekwa nyasi, mtu aone jinsi babu zake walivyolala.

Na Bulabo ni sikukuu ya ngoma inayofuatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Watu hutoka vijiji vya mbali, wengine kwa baiskeli, wengine kwa malori, na kilima chote huwa kama mzinga wa nyuki.

CHOMBO CHENYEWE

Tulipopata kivuli, mpwa wangu akafungua mkoba akanionyesha. Kamera ile ni sanduku la chuma jeusi, ukubwa wake kama Biblia kubwa ya altareni, na ubavuni mwake mna kishikio cha kuzungushia. Ni Cine-Kodak ya namna ya kwanza, iliyotolewa Marekani mwaka 1923, nayo ndiyo iliyoanza kutumia filamu nyembamba yenye upana wa milimita 16. Haina betri wala waya. Nguvu yake yote ni mkono wa mtu.

Nikamwambia anieleze kazi yake kama anavyomweleza mtoto wa shule, naye akanieleza hivi. Ndani mna utepe mrefu wa filamu, umeviringishwa katika gurudumu. Pembeni mwa utepe mna matundu madogo madogo. Ukizungusha kishikio, ukucha mdogo wa chuma huingia tunduni, ukauvuta utepe hatua moja, ukauacha utulie. Utepe ukiisha kutulia, kifuniko hufunguka mbele yake, nuru ikaingia kupitia lenzi, picha moja ikapigwa. Kisha kifuniko hujifunga, ukucha ukavuta tena. Kwa hiyo ile picha inayokwenda haiendi hata kidogo. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi hata jicho lisiweze kuzitenga.

Kila mzunguko wa kishikio hupiga picha 8. Mpigaji yampasa kuzungusha mara 2 kila sekunde, zipate kuwa picha 16. Utepe mmoja una urefu wa futi 100, yaani mita 30 na kidogo, na kila futi huchukua picha 40. Fanyeni hesabu pamoja na watoto wenu: picha 4,000 kwa utepe mzima, mizunguko 500, dakika 4 na sekunde 10. Baada ya hapo umekwisha, wala hakuna kufuta na kuanza tena.

Nikamwuliza, "Simu yako hupiga saa nzima bila malipo. Kwa nini unajitesa?"

Akasema, "Mjomba, kwa simu napiga kwanza, nafikiri baadaye, na mara nyingi sifikiri kabisa. Kwa hii nafikiri kwanza."

Tena akaniambia ya kuwa kazi ngumu si kuzungusha, bali kuzungusha sawasawa. Mkono ukilegea, picha zitakuwa chache kwa kila sekunde, na wakati wa kuonyeshwa watu wataonekana wakikimbia na kurukaruka. Mkono ukiharakisha, picha zitakuwa nyingi mno, na watu wataonekana wazito kama watembeao ndani ya maji. Ndiyo sababu wapiga picha wa kale walizoea kuimba wimbo moyoni, mkono usipotee. Na hii ndiyo sababu ya jambo ambalo wengi tumelicheka pasipo kulijua: zile sinema za kale ambamo watu hutembea kama kuku waliofukuzwa. Watu wale walitembea kama sisi. Filamu zao zilipigwa kwa mwendo wa mkono. Baadaye, sinema zenye sauti zilipoenea tangu mwaka 1927, mwendo uliwekwa kuwa picha 24 kila sekunde kwa mota, na filamu za zamani zikaonyeshwa kwa mwendo usio wao. Babu zetu nao wameonekana hivyo mbele ya mataifa, wakirukaruka, na watazamaji wakadhani ndiyo tabia yao.

WALIOTUTANGULIA

Kamera za mkono si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1909 Mwingereza Cherry Kearton alimpiga picha Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, katika safari yake ya kuwinda huko Kenya, na mwaka 1910 picha hizo zikaonyeshwa ng'ambo. Mmarekani Carl Akeley alichoshwa na kamera zisizogeuka upesi kumfuata mnyama, akaunda ya kwake, nayo ilizungushwa kwa mkono. Mwaka 1921 akaichukua mpaka milima ya Virunga katika Kongo, akapiga picha za sokwe wakubwa wa milimani porini kwao, jambo ambalo halijafanywa na mtu kabla yake. Alirudi huko mwaka 1926, akafa, akazikwa kule kule mlimani.

Hao walikuja kutafuta wanyama. Waliokuja kwa ajili ya watu walifika baadaye. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, si mbali na Korogwe, ilianzishwa kazi ya kupiga sinema za mafundisho kwa Waafrika. Iliandaliwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Meja Notcutt ndiye aliyesimamia upigaji, na Bwana Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia mafundisho. Walipiga filamu 35 hivi mpaka mwaka 1937: habari za safura, na malaria kwa watoto, na mmomonyoko wa udongo, na ngozi, na kahawa, na kuweka akiba posta. Filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na Kiganda na lugha nyingine, na sahani ikachezwa filamu ikiendelea. Gari lao lilizunguka Tanganyika na Kenya na Uganda, na watu wakakusanyika usiku kutazama.

Waigizaji wake walikuwa Waafrika. Walakini shauri la nini kionyeshwe halikuwa lao. Na filamu nyingi katika zile zimepotea. Chache zilizosalia, kama ile ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro, zimehifadhiwa Uingereza. Mjukuu wa mkulima yule wa Kingolwira akitaka kumwona babu yake akilima, njia yake ni ndefu.

Katika miaka ya 1950 zikapigwa Tanganyika sinema za hadithi kwa Kiswahili, na katika ile iitwayo Muhogo Mchungu aliigiza kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu. Nasi watu wa Mwanza tunayo yetu ya kukumbuka. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu juu ya samaki sangara na watu wa mji wetu. Ikapata sifa Ulaya na Marekani, lakini hapa ilileta uchungu na mabishano makubwa, hata Rais Kikwete mwaka 2006 akaisema vikali. Wako waliosema, "Yaliyoonyeshwa yapo." Wako waliosema, "Yapo, lakini si sisi sote." Sitaki kuamua hapa. Nimetaja tu ili mjue kwa nini mzee wa Bujora, aonapo kamera, huuliza kwanza.

SHAURI LA WAZEE

Lazima mwelewe jinsi ngoma za Wasukuma zinavyoshindana. Viko vyama viwili vyenye sifa kupita vyote, Bagika na Bagalu. Siku ya mashindano hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala karatasi. Vyama vyote viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja katika uwanja wake, jirani na mwenzake. Na waamuzi ni watazamaji, nao huamua kwa miguu yao. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndiyo maana wachezaji hubuni maajabu ya kila namna: huyu huleta chatu akamvika shingoni, yule hurusha jembe angani akalidaka katikati ya mdundo, ili watu waliosimama kwa jirani wageuze shingo, kisha wageuze miguu.

Basi mpwa wangu alipokuwa akisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, mzee mmoja wa Bagika akamjia.

"Mjukuu wangu, jicho la chombo hiki litatazama wapi?"

"Ngoma, babu."

"Ngoma ipi? Ziko mbili."

"Nitaanza na ile itakayonoga."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi umekwisha kuwa mwamuzi. Watu hukimbilia kitu cha ajabu. Ukikielekeza chombo kwa Bagalu, watoto watakimbilia huko wapigwe picha, na mama zao watawafuata watoto. Jioni itasemwa tumeshindwa. Nasi tutakuwa tumeshindwa na sanduku, si na ngoma."

Wazee wa Bagalu nao wakaitwa, na mama mmoja mwimbishaji wao, mwenye sauti ya kupasua anga. Wakaketi juu ya mawe. Walipoambiwa ya kuwa utepe mmoja una mizunguko 500, hawakukawia: 250 kwa hawa, 250 kwa wale. Kamera isimame katikati ya viwanja, isisogezwe, igeuzwe tu. Wa kuanza apatikane kwa kokoto lililofichwa mkononi. Tena kila chama kiweke shahidi karibu na kamera, na kila mizunguko kumi ikitimia shahidi atupe kokoto moja katika kibuyu. Kokoto 25 kwa kila upande, basi.

Yule mzee akaongeza sharti la pili. "Watu wamekuja hapa na kamera mara nyingi. Hupiga, hushukuru, huondoka. Mpaka leo sijui sura yangu imo katika nyumba ya nani. Wewe utatuonyesha?"

Mpwa wangu akasema atawaonyesha. Mzee akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wewe tunakujua kwako." Nikaelewa ya kuwa nimewekwa dhamana.

SIKU YA NGOMA

Kokoto likawapa Bagika kuanza. Ngoma zikalia, vumbi likapanda, kijana akainama nyuma ya kamera, mkono wake ukaanza kuzunguka, moja mbili, moja mbili. Bagika wakapata kokoto zao 25 bila kasoro. Kamera ikageuzwa. Bagalu wakaanza, kibuyu kikapokea kokoto ya 19, na hapo kishikio kikawa kizito, kikakwama. Vumbi lilikuwa limeingia.

Mpwa wangu akakitia chombo katika mfuko mweusi usiopitisha nuru, akaingiza mikono yake miwili kwa mikono ya mfuko, akawa akifanya kazi kama kipofu, jasho likimtiririka. Sehemu iliyokwisha pigwa akaiokoa, akaifunga katika mkebe. Lakini ile iliyosalia ilikuwa imefumuka kutoka katika gurudumu lake, imejisokota mfukoni kama utumbo wa kuku. Mizunguko 60 ikapotea.

Yule mama mwimbishaji akaja, akakitazama kibuyu, akahesabu. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Mwanangu, sahani ya wenzetu imejaa. Yetu imepungua."

Kijana alikuwa na utepe mwingine mmoja tu. Aliuweka kwa ajili ya mafundi wa mitumbwi pwani ya ziwa, ambao siku tatu baadaye walikuwa waushushe majini mtumbwi mpya. Na utepe huo aliununua kwa akiba ya miezi. Aliweza kusema ya kuwa mashine imeharibika, nani angemlaumu? Nikamtazama, nisiseme neno. Akaufungua utepe ule, akaupachika, akawaambia Bagalu, "Endeleeni." Kokoto 6 zikaanguka kibuyuni, moja baada ya moja, na shahidi wa Bagika ndiye aliyetamka, "Zimetimia."

Siku tatu baadaye, pwani, nilishuhudia gharama yake. Mtumbwi ulikuwa umefika hatua chache na maji, mafundi wanausukuma wakiimba, na kishikio kikazunguka bila uzito: utepe umekwisha. Mizunguko 60 ni nusu dakika. Mtumbwi ule katika filamu hauingii majini hata leo.

KAHAWA YA BUKOBA

Jioni ile ya ngoma, kijana alitaka kujua kama nuru iliingia katika kamera ilipokwama. Akatwaa kipande cha utepe ulioharibika, urefu wa mkono, akakisafisha usiku katika chumba kisicho na taa. Nanyi mtastaajabu kwa dawa aliyotumia: kahawa ya unga iyeyukayo, ile ya Bukoba, na magadi ya kufulia, na vidonge vya vitamini C vilivyosagwa. Vitu hivi vikichanganywa katika maji kwa kipimo, hufanya kazi ya dawa ya kusafishia picha, kwa kuwa ndani ya kahawa mna asidi zinazoigeuza fedha iliyopigwa na nuru kuwa nyeusi, na magadi huipa dawa nguvu. Ni baada ya hapo tu alipotia dawa ya dukani, ile ya kuizuia picha isiendelee kuwa nyeusi.

Asubuhi wazee wakakishika kipande kile, wakakiinua juani. Picha za namna hiyo huwa kinyume: cheupe ni cheusi, na cheusi ni cheupe. Mzee mmoja akatazama sana, akasema, "Mbona mmetufanya Wazungu?" Watu wakacheka hata wakashika mbavu. Mpwa wangu akatoa simu yake, akakipiga picha kipande kile, akakigeuza rangi, wakajiona walivyo. Yule mama akaiona mikono yake imeinuliwa, nuru haikuingia.

KUONYESHWA

Tepe zote mbili zilipelekwa Ulaya kusafishwa, zikarudi mwezi wa Septemba. Tukapanda tena Kisesa, na mashine ya kuonyeshea aliyoiazima, na shuka nyeupe ya dada yangu. Usiku ule shuka ikafungwa kati ya miembe miwili, na watu wakaketi chini, Bagika upande huu, Bagalu upande huu.

Filamu haikuwa na sauti, lakini haikukaa kimya hata kidogo, maana kila mmoja aliimba wimbo alioujua alipoona midomo yake ikienda. Mama wa watoto watano akajiona akimbeba mwanawe mgongoni nyuma ya wachezaji, akasema, "Mtoto huyu sasa anatembea." Mtu mmoja akamwona kaka yake ambaye yuko mgodini Geita, akaomba sehemu ile irudiwe, ikarudiwa mara tatu.

Kisha likatokea jambo. Katika sehemu ya Bagika, karibu na mwisho wake, wachezaji wakaanza kulegea. Miguu ikapanda polepole, vumbi likaelea kama moshi. Bagalu wakapiga vigelegele: "Tazameni! Walichoka! Picha haisemi uongo!" Bagika wakainuka, na maneno yakaanza kuwa makali.

Yule mzee akanyamazisha watu kwa fimbo yake. Akaomba irudiwe. Akatazama, si wachezaji, bali mikono ya mpiga ngoma. Akasema, "Hapa sisi hatukuchoka. Hapa ndipo ngoma ilipokaza. Nakumbuka." Akamgeukia mpwa wangu. "Mjukuu wangu, ngoma ilipokaza, mkono wako ulifanya nini?"

Kijana akafikiri, akasema, "Uliifuata ngoma, babu."

"Basi umecheza nasi," mzee akasema, "na kwa kuwa ulicheza upesi, sisi tumeonekana wazito."

Mpwa wangu akawaeleza wote habari ya picha 16, na jinsi mkono uharakishao unavyomfanya mtu aonekane mzito. Akawaonyesha kwa mashine: alipoongeza mwendo wake, Bagika wakacheza tena kama siku ile, miguu haionekani kwa upesi. Bagalu wakakubali, ingawa si kwa furaha nyingi. Lakini fikirini, wasomaji wangu: kama filamu ile ingaliondoka isirudi, na kuonyeshwa mahali ambapo hayuko mtu aikumbukaye siku ile, nani angalijua? Ingaliandikwa ya kuwa Bagika wa Bujora hucheza kwa uvivu, na picha ingalitolewa kuwa ushahidi.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Sisi leo hatuna kamera za kuzungusha, bali tunazo simu, na kila siku twapiga watu picha: msibani, hospitalini, sokoni, watoto wa jirani wakioga mtoni. Mambo matatu waliyoyadai wazee wa Bujora hayakuhitaji sheria ya serikali. La kwanza, waulizwe kabla. La pili, kama kuna pande mbili, kila upande upate haki yake kwa hesabu. La tatu, waonyeshwe wenyewe, ili palipo na kosa wapate kusema wangali hai. Mfundishe mtoto wako haya matatu kabla hujampa simu.

Nanyi walimu, lipo zoezi la somo moja tu. Twaa daftari la zamani lenye kurasa nene kidogo. Katika pembe ya chini ya kila ukurasa mtoto achore mtu alimaye: ukurasa wa kwanza jembe liko chini, wa pili limeinuka kidogo, wa tatu zaidi, hata lifike juu, kisha lishuke vivyo hivyo. Kurasa 16 zatosha. Kisha azipitishe upesi kwa kidole gumba, naye atamwona mkulima wake akilima. Mwambie azipitishe polepole, kisha upesi, kisha umwulize: mkulima ni yule yule, au ni mwingine? Nililifanya zoezi hili katika darasa la tano, na jibu la msichana mmoja aliyeketi nyuma lilinitosha kwa mwaka mzima. Alisema, "Mwalimu, mkulima ni yule yule. Kidole ndicho kilichobadilika."